Viti Vinne: Historia ya Kundi Moja la Saksafoni

Mwezi wa pili mwaka huu kwaya yetu ilipoteza besi. Hakufa, Mungu apewe sifa. Alipata ndege. Jina lake lilitoka kwenye orodha ya wanaokwenda nchi ya tatu, akauza baiskeli na magodoro, Jumapili akatuaga, Alhamisi hakuwepo. Tangu nianze kufundisha kwaya hii hapa Nakivale, huyo ni mtu wa kumi na moja. Soprano wawili wako Kanada, alto mmoja Australia, na teno wetu aliyekuwa bora kuliko wote sasa anaimba, nasikia, katika kanisa moja kubwa huko Marekani. Tunafurahi kwa ajili yao, kweli tunafurahi. Lakini jioni ile baada ya mazoezi mama mmoja wa soprano alibaki nyuma, akaniambia: "Mwalimu, tuvunje tu hii kwaya. Kila tukimaliza kufundisha mutu, ndege inamubeba. Sasa hii njo kazi gani?"

Sikumjibu. Nilikwenda nyumbani na swali lake, na siku nyingi lilikaa nami. Jibu nililolipata, kama ni jibu, sikulitoa kanisani wala kambini. Nililitoa katika historia ya watu wanne wanaopuliza saksafoni. Kundi lao lilianza mwaka 1969. Wale wanne wa kwanza wameondoka wote, mmoja baada ya mwingine, na kundi halikuvunjika. Linaitwa Raschèr Saxophone Quartet. Hapa nataka kueleza lilitoka wapi na lilipitaje, maana nikiangalia njia yake naona nyayo nyingi za watu waliotoka kwao.

Nianze na saksafoni yenyewe. Ukimtajia Mkongomani saksafoni, atakutajia Verckys. Atakueleza habari za OK Jazz ya Franco miaka ya 1960, na kama ni mzee ataanza kutikisa mabega palepale kwenye kiti. Ni haki yake. Lakini wachache kati yetu wanajua kwamba kile chombo kilibuniwa na mtoto wa Ubelgiji, nchi ileile iliyotutawala. Adolphe Sax alizaliwa mwaka 1814 huko Dinant, mji mdogo kando ya mto Meuse. Baba yake alikuwa fundi wa vyombo vya muziki. Mwaka 1842 kijana akahamia Paris kutafuta maisha, na mwaka 1846 akapata hati ya serikali ya Ufaransa ya kulinda ubunifu wake.

Jambo ambalo mwalimu wa kwaya analipenda mara moja ni hili: Sax hakubuni saksafoni moja. Alibuni ukoo mzima, kuanzia ndogo yenye sauti ya juu mpaka kubwa yenye sauti ya chini. Nne kati yake zina majina ambayo hata mtoto wa shule ya Jumapili anayajua: soprano, alto, teno na baritoni. Yaani tangu mwanzo zilifanywa ziimbe pamoja. Rafiki yake, Mbelgiji mwenzake Jean-Baptiste Singelée, aliandika utunzi wa saksafoni nne mnamo 1857. Lakini Sax mwenyewe hakubahatika. Alifilisika mara tatu, akafa mwaka 1894. Chombo chake kikabaki zaidi kwenye bendi za jeshi, na baadaye kwenye jazi na kumbi za dansi. Mlango wa kumbi za muziki wa kiklasiki ulikuwa karibu umefungwa.

Waliousukuma mlango huo walikuwa wachache. Mmoja ni Mfaransa Marcel Mule, aliyeunda kundi la saksafoni nne mwaka 1928 pamoja na wenzake wa bendi ya Garde Républicaine ya Paris. Na mtu aliyewapa kitu kikubwa cha kupiga hakuwa Mfaransa. Alikuwa mzee wa Kirusi anayeishi ugenini, Alexander Glazunov.

Glazunov tangu 1905 alikuwa mkuu wa chuo cha muziki cha Saint Petersburg. Vita vikaja, mapinduzi yakaja, mji ukabadilishwa jina ukawa Petrograd, kisha Leningrad, na yeye bado alikuwa mkuu. Mwaka 1928 alitoka kwenda Vienna kwenye sherehe za kumkumbuka mtunzi Schubert, miaka 100 baada ya kifo chake. Hakurudi. Hakutangaza kwamba amekimbia. Alisema ni mambo ya afya. Sisi hapa tunawajua watu wa namna hiyo. Anatoka na begi moja, anasema narudi baada ya wiki mbili, na miaka inapita. Alikaa Paris, na huko mwaka 1932 akawaandikia Mule na wenzake utunzi wa saksafoni nne.

Nimeusikiliza kwa simu, usiku, kwa bando nililokuwa nimeliweka kwa kazi nyingine. Una sehemu tatu. Ile ya katikati inaanza kwa wimbo wa polepole, sauti nne zikitembea pamoja kama tenzi ya kanisa. Halafu wimbo uleule unageuzwa na kugeuzwa tena, mara moja kwa namna ya Schumann, mara nyingine kwa namna ya Chopin. Ni kama mzee aliyekaa mbali na vitabu vyake, anayarudia kwa kichwa yale aliyoyafundisha maisha yake yote. Glazunov alifia karibu na Paris mwaka 1936. Mwaka 1972 mabaki yake yalirudishwa Leningrad. Miaka 36 kaburini ugenini, ndipo akarudi nyumbani.

Sasa nije kwa mtu ambaye jina lake liko juu ya kundi letu. Sigurd Raschèr alizaliwa mwaka 1907 huko Elberfeld, Ujerumani. Alisomea klarineti mjini Stuttgart. Saksafoni aliishika kwa sababu ya tumbo: bendi za dansi zilikuwa zinalipa. Lakini hakuridhika na dansi. Alijifungia na chombo chake mpaka akagundua kwamba kinaweza kupanda juu sana kuliko watu walivyozoea. Saksafoni ya kawaida inafika oktavu mbili na nusu hivi; yeye alifikisha nne. Watunzi wakaanza kumtazama.

Halafu ukaja mwaka 1933. Hitler akashika madaraka. Kwa Wanazi saksafoni ilikuwa chombo cha aibu, kwa sababu waliiona ni sauti ya jazi, na jazi kwao ilikuwa jambo la watu weusi na Wayahudi. Mwaka 1938 walifanya maonyesho mjini Düsseldorf ya muziki waliouita ulioharibika. Picha ya tangazo lao ilikuwa mtu mweusi aliyechorwa kwa dharau, anapuliza saksafoni, na kifuani amebandikwa nyota ya Kiyahudi. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu. Mtu anapoamua kukuchukia, hata bomba la shaba ulilolishika atalichukia.

Raschèr alikuwa ameshaondoka. Mwaka uleule wa 1933 alivuka akaenda Denmark, akafundisha Copenhagen, kisha akavuka tena mpaka Malmö, Sweden. Mwaka 1939 akaingia Marekani, akapiga mbele ya okestra za Boston na New York. Baadaye akakaa kwenye shamba huko Shushan, kijiji cha jimbo la New York, mpaka alipofariki mwaka 2001. Sisemi alikuwa mkimbizi kama sisi. Hakulala chini ya turubai, hakupanga foleni ya mahindi, na ujuzi wake ulimfungulia mipaka ambayo kwetu ina kufuli. Ila alijua maana ya kuhamisha kazi yako mara tatu katika miaka sita, na kila mahali kuanza upya kujieleza wewe ni nani.

Na tazama kilichotokea katika miaka hiyo ya kuhama. Mwaka 1934 Glazunov, Mrusi wa Paris, alimtungia Raschèr, Mjerumani wa Skandinavia, utunzi wa saksafoni ya alto na okestra ya nyuzi. Ulipigwa mara ya kwanza Novemba ya mwaka huo katika mji wa Nyköping, Sweden. Watu wawili wasio na kwao, na mji usio wa yeyote kati yao. Leo ni vigumu kumpata mwanafunzi wa saksafoni ya kiklasiki asiyeusoma utunzi huo. Msweden Lars-Erik Larsson alimtungia mwaka huohuo, Mfaransa Jacques Ibert mwaka 1935, Mswisi Frank Martin mwaka 1938.

Lakini hadithi inayonigusa kuliko zote ni ya Paul Hindemith. Mwaka 1933 Hindemith aliandika utunzi wa saksafoni mbili za alto kwa ajili ya Raschèr. Mwaka huo ulikuwa mbaya, kama nilivyosema, na ule utunzi haukupigwa mbele ya watu. Hindemith naye akaja kutoka Ujerumani, akaenda Uswisi mwaka 1938 na Marekani mwaka 1940. Vita vikapiganwa, vikaisha. Karatasi zilikuwa bado zipo. Mwaka 1960 Raschèr alisimama akaupiga kwa mara ya kwanza, na saksafoni ya pili ilikuwa mikononi mwa binti yake, Carina. Utunzi ulipoandikwa, yule binti alikuwa hajazaliwa. Miaka 27 wimbo ulimngoja mtu wa kuupiga, na alipokuja alitoka nyumbani kwa mwenyewe.

Mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 62, Raschèr akaanzisha kundi. Carina alishika soprano. Mzee mwenyewe alishika alto. Teno alikuwa Bruce Weinberger, baritoni alikuwa Linda Bangs. Kundi lilianzia Marekani, na baadaye maisha yake mengi yakawa Ulaya.

Hapo ndipo inaanza sehemu niliyoitaka kwa ajili ya yule mama wa soprano. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mzee aliacha kupiga na kundi. Fikiria, bwana: kundi lina jina la mtu, na mtu mwenyewe ameondoka. Kwetu kwaya ya namna hiyo ingekufa wiki ileile, au ingegawanyika mbili, kila moja ikisema yenyewe ndiyo ya kweli. Wao walimtia John-Edward Kelly kwenye kiti cha alto. Karibu na 1990 Kelly naye akaondoka, akaja Harry Kinross White. Baada yake Elliot Riley. Katika miaka ya 1990 Linda Bangs alimwachia Kenneth Coon baritoni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Carina, binti wa mwanzilishi, akampisha Christine Rall kwenye soprano. Wa mwisho katika wale wanne wa kwanza alikuwa Weinberger. Alikaa kwenye kiti cha teno zaidi ya miaka 40, na mwaka 2014 akampisha Andreas van Zoelen.

Nilijiuliza: watu wanabadilika hivi, sasa kinachobaki ni nini mpaka tuseme bado ni kundi lilelile?

Kitu cha kwanza kinachobaki ni sauti, na sauti hiyo ina chombo chake. Sax alipobuni saksafoni, ile sehemu ya kupulizia ilikuwa na uwazi mpana wa mviringo ndani, na sauti iliyotoka ilikuwa laini, nzito kidogo, karibu na ya mtu. Karne ya 20 bendi zilitaka kelele kubwa zaidi, mafundi wakaubana ule uwazi, sauti ikawa kali. Raschèr alikataa. Alisema tupulize kama Sax alivyokusudia. Viwanda vilipoacha kutengeneza umbo la zamani, alihangaika mpaka zikatengenezwa upya zenye jina lake. Na watu wa kundi wakaendelea kupiga saksafoni za Buescher, zilizotengenezwa Elkhart, jimbo la Indiana, miaka ya 1920 na baada yake kidogo. Kwa hiyo mtu mpya anapokaa kwenye kiti, anakuta chombo cha aina ileile na namna ileile ya kupuliza, na waliomtangulia wako pembeni wanamsikiliza. Hawakuwahi kuondoka wote wanne siku moja. Kila aliyeingia alikuta watatu wanaojua.

Lazima niseme na upande mwingine, nisije nikaonekana nauza dawa. Wapigaji wengi wa saksafoni duniani hawakumfuata Raschèr. Walifuata zaidi njia ya Wafaransa, njia ya Mule, na vyombo vya kisasa. Watu wa Raschèr walibaki ukoo mdogo, na ukoo mdogo ukishikilia sana ya mababu unaweza kugeuka makumbusho. Nimeziona kwaya za hivyo hapa kambini. Zinaimba nyimbo zilezile za Uvira za mwaka 1996, kwa machozi yaleyale, na vijana wanatoka nje mmoja mmoja.

Kilichowaokoa, naona, ni kitu cha pili: hawakuacha kuomba nyimbo mpya. Chombo cha zamani, wimbo wa leo. Watunzi mamia wamewaandikia. Nitataja watatu tu.

Iannis Xenakis aliwaandikia mwaka 1987 utunzi unaoitwa XAS, yaani jina la Sax limegeuzwa nyuma mbele. Xenakis alikuwa Mgiriki aliyepigana upande wa wapinzani wakati wa vita. Bomu lilimpasua uso, akapoteza jicho la kushoto. Mwaka 1947 alitoroka kwa hati za bandia mpaka Ufaransa, na nyuma yake mahakama ya kwao ikamhukumu kifo. Hakukanyaga Ugiriki tena mpaka 1974. Muziki wake si wa kubembeleza mtoto. Saksafoni nne zinagongana, zinapiga sauti zilizobanana kati ya noti na noti, mahali ambapo piano haina kitu. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya pili nilimaliza.

Sofia Gubaidulina, mama aliyezaliwa Jamhuri ya Watatari katika Umoja wa Kisovieti na kuhamia Ujerumani mwaka 1992, aliandika mwaka 1994 utunzi wa saksafoni nne na wapiga ngoma sita. Jina lake la Kijerumani maana yake ni "katika kungoja". Watu wa kambi hatuhitaji kuelezwa hilo neno.

Wa tatu ni Mmarekani Philip Glass. Mwaka 1995 aliwaandikia utunzi unaoweza kupigwa kwa namna mbili: wao wanne na okestra nzima, au wao wanne peke yao. Nilipojua hilo nilicheka. Okestra ikipatikana, vizuri. Isipopatikana, wanne wanatosha na wimbo haupungui.

Basi Jumamosi moja nikamwita yule mama wa soprano, tukaketi kwenye benchi nje ya kanisa, nikamweleza yote haya, bila Xenakis. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Na hao watu wa saksafoni, muimbo wao walikuwa wanauweka wapi?"

Nikasema kwenye karatasi.

"Sisi tunauweka wapi?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu alikuwa ameona kitu ambacho mimi, pamoja na kusoma kote huko, nilikipita. Sisi nyimbo zetu tunaziweka ndani ya watu. Nyimbo 40 na zaidi, nyingine zimetungwa hapahapa, nyingine zimetoka Fizi na Baraka na wazee ambao hawapo tena, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa sauti nne. Ndiyo maana besi alipoondoka, hatukupoteza mwimbaji peke yake. Sauti ya chini ya kila wimbo ilipanda ndege pamoja naye. Hindemith aliweza kungoja miaka 27 kwa sababu alikuwa na karatasi. Sisi tunayo karatasi ya mgao, karatasi ya kesi, karatasi ya hospitali, tunazitunza kwenye mfuko wa plastiki zisilowe. Ya wimbo hatukuwa nayo.

Tumenunua madaftari manne, moja kwa kila sauti. Kila Jumatano jioni tunaandika kwa do-re-mi, wimbo mmoja kwa wiki, wakati mwingine nusu. Tumeweka pia sheria: kila mwenye sauti awe na mtoto mmoja anayekaa karibu naye kwenye mazoezi na kumsikiliza, hata kama huyo mtoto bado hajaruhusiwa kuimba Jumapili. Kwa nyimbo za besi tumekwama katika saba, hatukumbuki vizuri sehemu ya chini. Tulimwandikia ndugu yetu aliyeondoka. Kwao huko ni baridi, anafanya kazi usiku, lakini ametuma sauti kwa simu, anaimba peke yake polepole, na nyuma yake inasikika friji. Mpaka sasa ametuma tatu. Yule mama ndiye anayeziandika.